Kuhamia Kanada na vyombo vya nyumba: daftari kwanza, katoni baadaye

Nimefunga mizigo ya watu wanaohama kwa miaka 22, karibu yote katika godauni moja la Industrial Area hapa Nairobi. Nimefunga nyumba za mabalozi na nyumba za walimu, piano na vitanda vya watoto. Mwaka juzi zamu ikafika kwangu. Kifungua mimba wangu na mumewe walipata ukaazi wa kudumu wa Kanada, na jioni moja akaja kwetu Buruburu na swali nililolisikia kwa wateja wengi mno: "Baba, nianze kununua katoni?"

Nikamwambia asinunue hata moja. Nilimtuma dukani akalete daftari la kurasa 96 na kalamu mbili. Mwezi mzima hatukufunga kitu, tuliandika tu. Mama yake aliona tunapoteza wakati, maana tiketi zilikuwa zimekwisha kukatwa. Naandika haya kwa ajili ya kila familia iliyo katika hali hiyo sasa, kwa sababu nimepokea simu za watu wazima wakilia kutoka ng'ambo, vyombo vyao vimeshikwa kwa kukosa mistari miwili mitatu ya wino.

Kinachovuka mpaka kwanza ni orodha

Forodha ya Kanada humruhusu mtu anayekuja kukaa kwa mara ya kwanza aingize vitu vyake vya nyumbani bila ushuru. Masharti ni matatu: viwe mali yake, viwe vimekuwa mikononi mwake, na awe amevitumia kabla hajafika. Yashike yote matatu, kwani moja likikosekana msamaha unaanguka. Televisheni ya kukodi si mali yako. Seti ya sufuria uliyonunua juzi ikiwa bado ndani ya boksi lake ni mali yako, ndiyo, lakini hujaitumia. Nilikuwa na mteja, mwalimu, aliyenunua mablanketi saba mapya kwa hofu ya baridi, akayatia kwenye katoni yakiwa na lebo zake. Alitozwa. Yale mazee aliyoyalalia miaka minane, ambayo aliyaona aibu kuyapeleka, yangepita bila senti. Na vitu vya biashara havimo kabisa katika msamaha huu, hata kama cherehani kumi zote umezishonea mwenyewe.

Kuna mlango mmoja ambao maharusi wengi hawaujui. Ukifunga ndoa ndani ya miezi mitatu kabla ya kufika Kanada, au ukikusudia kufunga ndani ya miezi mitatu baada ya kufika, zawadi za harusi zinaweza kuingia hata kama hazijatumika, ilmradi zilikuwa mali yako na mikononi mwako kabla ya safari. Binti yangu aliolewa wiki saba kabla ya kuruka. Shangazi zake walimletea leso, sahani na mikeka, na vyote tuliviandika katika ukurasa wa peke yake, cheti cha ndoa kimebanwa juu yake.

Fomu yenyewe inaitwa BSF186. Ni ya wakala wa mipaka wa Kanada, CBSA, na inapatikana kwenye tovuti yao bila malipo, kwa hiyo usimlipe mtu akuuzie. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya vitu unavyofika navyo mkononi na kwenye masanduku ya ndege. Ya pili ni ya vitu vitakavyofuata baadaye, na hiyo ndiyo inayosahauliwa. Mtu anafika na masanduku mawili, anaulizwa kama kuna mizigo inayofuata, anaona amechoka, anasema hakuna, akidhani ataeleza kontena likifika. Vitu ambavyo havikuandikwa siku ile ya kwanza vinaweza kutozwa kama bidhaa yoyote ile. Hata kama hujui vitasafirishwa lini, hata kama viko bado chini ya kitanda cha mama yako Kayole, viandike na uonyeshe orodha siku unapoingia.

Namna ya kuandika mstari

Orodha inaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa sababu afisa ndiye atakayeisoma. Kila kitu chenye thamani kipate mstari wake: ni nini, kampuni iliyokitengeneza, modeli, nambari ya mashine, na thamani ya kukadiria kwa dola za Kanada. Vitu vidogo vya aina moja unaweza kuviweka pamoja, kama vile sahani 12 za udongo, zimetumika. Kuandika "vitu vya jikoni" na kuacha hapo hakutoshi. Afisa akisoma hivyo ana haki ya kuuliza ni vitu gani, na wewe baada ya saa ishirini za safari utakumbuka nini?

Mstari wa kitu tulichokipenda kuliko vyote ulikuwa hivi: cherehani ya kukanyaga, Singer, nambari ya mashine imenakiliwa kutoka kwenye kibati kilicho chini ya mkono wa mashine, imetumika, dola 150. Ilikuwa ya mama yangu. Alimpa mjukuu wake kabla hajafariki, naye ameishonea miaka sita, sare za shule za wadogo zake zote zimepita pale. Kupata ile nambari kulituchukua asubuhi nzima na mafuta ya taa, maana kibati kilikuwa kimefunikwa na kutu. Afadhali asubuhi moja hapa.

Dhahabu ina utaratibu wake. Mpelekee sonara akupe maelezo ya kila kipande kwa maandishi, kisha upige picha na yeye atie sahihi na tarehe. Bangili za harusi zinasafiri mwilini au kwenye mkoba, hazifungwi kwenye katoni kamwe, lakini lazima ziwe kwenye orodha.

Chapisha nakala tatu. Moja ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti na hati ya ukaazi. Nasisitiza mkoba wa mkononi kwa sababu utaratibu wote unafanyika katika uwanja wa kwanza wa ndege unaokanyaga Kanada. Anayekwenda Calgary akipitia Toronto, basi ni Toronto. Orodha ikiwa kwenye sanduku lililo tumboni mwa ndege, unasimama mbele ya afisa mikono mitupu. Afisa atagonga muhuri na kukurudishia nakala. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayokomboa mizigo yako miezi mingi baadaye, kwa hiyo ipige picha kwa simu kabla hujatoka uwanjani.

Ukiwa na pesa taslimu za dola 10,000 za Kanada au zaidi, zitaje pale pale. Kuwa nazo si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Vya kuacha Nairobi

Hapa ndipo ninapogombana na wateja, na nilipogombana na mke wangu.

Umeme wetu ni volti 240, wa Kanada ni 120, na soketi zao hazipokei plagi yetu ya pini tatu bapa. Pasi, blenda, birika la umeme, friji na mikrowevu viuze au vigawe. Geuza kila chombo usome kibandiko chake: kikiandikwa 100–240, kama ilivyo kwenye chaja nyingi za simu na kompyuta, kitafanya kazi kwa kubadilishiwa plagi tu. Cherehani ya kukanyaga haiulizi volti, ndiyo maana iliingia safarini bila ubishi.

Godoro liache. Shuka pia zitazame upya: godoro la watu wawili lililozoeleka kule lina upana wa inchi 60 na urefu wa inchi 80, kwa hiyo shuka zetu za tano kwa sita zitakuwa fupi. Mke wangu alikuwa ameweka jozi nane. Tulipeleka mbili, zikafungie vikombe.

Gari liuze. Kanada haipokei gari lisilotengenezwa kwa viwango vyake kutoka nchi kama yetu mpaka lifikishe miaka 15, na hesabu ya gharama haikubaliani na gari la miaka hiyo.

Pembe za ndovu, ngozi za wanyamapori, magamba ya kasa: hapana, hata kama ni urithi. Hizo ni nyara za wanyamapori na sheria ya Kenya yenyewe inakukamata kabla Kanada haijakuona. Bangili za mfupa wa ng'ombe zinazouzwa kwenye masoko ya vinyago hufanana mno na pembe, na mimi huwashauri watu waziache wasije wakasimamishwa kuthibitisha. Vinyago vya Wakamba ni sawa, lakini kagua kama fundi aliacha ganda la mti kwa urembo. Mbao yenye ganda haiingii, kwa ajili ya wadudu wanaojificha humo. Udongo nao ni marufuku. Viatu vya shamba na jembe lolote vioshwe kwa brashi hadi kwenye mishono.

Chakula tulikitoa kabisa kwenye katoni. Nyama ya kukausha na mbegu usijaribu. Majani ya chai na viungo vya pilau binti yangu alivibeba kwenye sanduku la ndege, akavitaja kwa afisa kimoja kimoja, akaruhusiwa. Chochote kinacholiwa, kitaje. Kwenye kontena, kilo mbili za unga zinaweza kuzaa fukusi wakasambaa hadi kwenye mikeka.

Kufunga

Baada ya daftari kujaa ndipo tulipotoka kununua. Katoni mpya tulizichukua Industrial Area, za ukubwa mmoja, sentimita 45 kwa 45 kwa 50. Usiokote katoni za mayai au za ndizi nyuma ya supamaketi, zina mende na zimekwisha lainika pembe. Gikomba tulinunua mablanketi ya mitumba ya kuzungushia vitu vya mbao. Kamukunji tulipata sanduku la bati, kama lile la mwanafunzi wa bweni, kwa ajili ya sufuria nzito na kinu. Mafundi wa jua kali wa pale watakutengenezea la kipimo chako ukiwaachia siku mbili. Mwambie fundi ukingo wa kifuniko ukunjwe ndani, usije ukakata mkono wa mpagazi.

Sahani hazilazwi. Zinasimamishwa kwa ukingo, kila moja ndani ya karatasi nyeupe, na gazeti linakuja nje ya hiyo karatasi kwa sababu wino wa gazeti hushika kwenye udongo. Nimefanya hivi maisha yangu yote na bado watu huzilaza, zikapokea uzito wa katoni tano juu yake na kupasuka katikati. Glasi tulizifunga kwa leso. Leso mbili kwa glasi sita, hivyo unasafirisha nguo na ulinzi kwa nafasi moja. Vitabu vinaenda kwenye katoni ndogo, zisizidi uzito ambao mama yako anaweza kuinua. Nafasi yoyote inayobaki ijaze kwa nguo mpaka ukitikisa usisikie kitu.

Adui mkubwa njiani ni unyevu. Kontena hutoka jasho: mchana jua linachoma bati, usiku linapoa, na maji yanadondoka kutoka kwenye paa la ndani. Kitu kilichofungwa kikiwa na umande kidogo tu kitafika na ukungu. Kwa hiyo usifunge siku ya mvua za Aprili au Novemba kama unaweza kuchagua. Anika mikeka juani siku mbili, anika hata mwiko.

Cherehani ilihitaji kreti la mbao, na hapa pana sheria isiyo na huruma. Mbao za kufungia mizigo ya kimataifa lazima zipashwe moto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, kisha zigongwe muhuri wenye shuke la ngano na herufi HT. Fundi wa mtaani atakutengenezea kreti zuri kwa bei nafuu, lakini bila muhuri huo Kanada inaweza kulikataa pamoja na kilichomo. Lipa zaidi, pata muhuri.

Kila katoni iandikwe nambari pande mbili na juu, kwa kalamu nene. Nambari hiyo hiyo iwe kwenye daftari pamoja na vilivyomo. Nje usiandike "dhahabu" wala "kompyuta". Andika nambari na jina la mwenyewe, yatosha. Tulimaliza na katoni 23, sanduku moja na kreti moja.

Bahari au ndege

Chukua utepe wa fundi cherehani. Urefu mara upana mara kimo, kwa mita, ndio ujazo unaolipiwa baharini. Katoni yetu moja ilikuwa takriban 0.1, kwa hiyo katoni kumi ni kama mita moja ya ujazo. Kontena la futi 20 lina kama mita 33, na sisi hatukufika nne, hivyo tulishiriki kontena na watu wengine. Ndege wanakadiria kwa njia nyingine: wanapima uzito, kisha wanagawanya ujazo wa sentimita kwa 6,000, na unalipa kwa ile namba iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Katoni ile ile ikijazwa mablanketi ya kilo nane italipiwa kama kilo 17. Kwa vyombo vya nyumba, bahari.

Wakala wa forodha awe na leseni ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mwombe akuonyeshe ya mwaka huu. Usilipe kwa simu kwa mtu uliyekutana naye jana. Waulize mawakala watatu bei ya mlango hadi mlango, na uulize hasa nani atalipa gharama za ghala kule upande wa pili, kwa sababu bei inayoonekana ndogo mara nyingi imeishia bandarini. Bima ichukue, na ujue kwamba makampuni mengi hayalipi kilichovunjika ndani ya katoni uliyoifunga mwenyewe, yanalipa ikiwa mzigo wote umepotea.

Soma hati ya shehena, ile karatasi ya meli inayotaja mzigo na mwenyewe, kabla haijatolewa rasmi, herufi kwa herufi. Wakala wetu alimwandika binti yangu kwa jina la mumewe, kwa heshima tu, kwa kuwa alihudhuria harusi. Pasipoti ina jina langu. Karatasi mbili zenye majina mawili ni watu wawili mbele ya forodha. Tulirekebisha siku hiyo hiyo kwa sababu meli ilikuwa haijaondoka. Baada ya kuondoka, kila marekebisho yanalipiwa.

Mzigo ulipanda treni Embakasi hadi Mombasa, ukapanda meli. Mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema badala ya kupita Bahari ya Shamu, kwa hiyo usimwamini anayekuahidi tarehe. Wetu ulichukua wiki 14 hadi Toronto, wiki mbili za mwisho zikiwa za treni kutoka bandari ya Montreal. Mpange mtu wenu kuishi na sufuria moja na mablanketi mawili kwa muda huo.

Kuutoa mzigo

Ukipata taarifa kwamba mzigo umefika, usichelewe, ghala linahesabu siku. Unakwenda ofisi ya CBSA na pasipoti, hati ya ukaazi, hati ya shehena na ile fomu yenye muhuri wa siku ya kwanza. Afisa analinganisha. Anaweza kufungua katoni, na hapo ndipo nambari zinapokusaidia: akitaja 9, unamwambia vilivyomo kabla hajakata seloteipu. Binti yangu aliulizwa kuhusu mbili tu.

Msamaha una sharti linaloendelea: ukiuza au ukigawa kitu ndani ya miezi 12 tangu kukiingiza, ushuru wake unadaiwa. Itunze orodha mwaka mzima, isiende na takataka za katoni.

Na hesabu kabla ya kutia sahihi. Siku ile mkwe wangu alikuwa tayari ameshika kalamu, theluji inaanguka, dereva wa lori anaangalia saa. Binti yangu alikataa. Alipita na daftari, akagusa kila nambari kwa kidole, akanipigia simu saa nane usiku wa Nairobi: zilikuwa 22. Nikamwambia aandike kwenye karatasi ya kupokelea, "Nambari 17 haipo", ndipo atie sahihi, kisha aombe waangalie tena sehemu ya watu tulioshiriki nao kontena. Walimwambia hakuna. Akawatajia vipimo, uzito na pande mbili zilizoandikwa. Baada ya saa moja ikatokea nyuma ya kabati la mtu mwingine, imebonyea pembe moja. Ndani mlikuwa na mbuzi ya nazi, glasi sita na leso mbili za shangazi zake, na glasi zote zilikuwa nzima.